Gari Inalia: Tujifunze Kusikiliza Beringi ya Gurudumu Kabla Haijatuacha Njiani

Mwezi huu ukurasa wetu wa Kazi na Ufundi unazungumzia kitu ambacho wengi wetu hatujawahi kukiona kwa macho, lakini kila tunapopanda gari tunakikabidhi maisha yetu. Kitu hicho ni beringi ya gurudumu. Sisi tuliotoka Kongo na Burundi tumezoea kuiita rulema. Jina lolote utakalotumia ni sawa, chuma ni kile kile.

Huenda mama wa nyumbani atasema, "Haya ni mambo ya mafundi, mimi yananihusu nini?" Tunakuomba, mama, soma mpaka mwisho. Habari hii inaanza na mama kama wewe.

Yaliyotupata njiani

Mwezi uliopita tulikuwa tunakwenda Mbarara kununua karatasi na wino wa gazeti hili. Tulipanda ile Land Cruiser ya zamani ya chama cha wakulima, yenye viti virefu vya pembeni nyuma. Siku za soko gari hilo hubeba mahindi na maharagwe, na ambulansi ikiwa mbali hubeba hata wagonjwa. Siku hiyo ambulansi ilikuwa imeondoka na mama mzazi. Kwa hiyo mbele, pembeni ya dereva, alikaa mama mmoja na mtoto wake wa miaka 3. Mtoto alikuwa na malaria kali, damu ilikuwa imepungua, na muuguzi alikuwa amesema afikishwe hospitali ya rufaa bila kuchelewa.

Hatukwenda mbali yule mama akasema, "Papa, gari inalia huku chini ya miguu yangu."

Dereva akamjibu kwa heshima, "Ni mipira, mama. Mipira ya meno makubwa inalia hivi."

Tukaendelea. Baada ya muda mama akasema tena, "Papa, inaongeza." Hapo mmoja wetu, tena mwandishi wa gazeti hili, akamwambia, "Mama, wewe shikilia mtoto, gari muachie mwenyewe." Wengine tukacheka kidogo. Leo tunaandika jambo hilo kwa aibu.

Mara ya tatu mama hakusema neno. Harufu ya grisi inayoungua ilisema badala yake. Dereva akasimama, tukashuka sote. Gurudumu la mbele la kushoto lilikuwa limeinama kidogo. Dereva akadondosha maji kwenye habu, yakachemka kama yamemwagwa kwenye kikaango. Kwenda mbele haikuwezekana tena. Tulikaa pembeni ya barabara karibu saa tatu nzima, jua linawaka, mtoto anapumua kwa shida, mpaka gari lingine likapita na kumchukua yeye na mama yake.

Tunamshukuru Mungu, mtoto alifika, akaongezewa damu, na siku ya sita akarudi nyumbani. Tulikwenda kumwona mama na kumwomba msamaha. Akatujibu kwa kifupi, "Mimi sijui gari. Lakini nilijua ile makelele haikuwa yake."

Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tuandike makala hii. Gari hulia kabla halijaharibika. Shida ni kwamba anayesikia haulizwi, na anayeulizwa anaogopa kusema.

Beringi ni nini, na inafanya kazi gani?

Gari lilivutwa mpaka gereji ya vijana wetu. Mzee anayewafundisha alianza kazi ya malori kule Bukavu, na sasa ana wanafunzi saba, wawili kati yao wasichana. Alituita tusogee, akafungua lile gurudumu mbele yetu.

Gurudumu la mbele la Land Cruiser za aina hiyo hukaa juu ya kipande cha chuma kigumu kinachotokeza mwisho wa ekseli. Mafundi wetu wanakiita shina. Shina halizunguki. Kinachozunguka juu yake ni habu, ambayo imebeba rimu na diski ya breki. Katikati ya shina na habu kuna beringi mbili, kubwa ya ndani na ndogo ya nje. Kila moja ina vijiti vya chuma vilivyopangwa duara, vipana upande mmoja na vyembamba upande wa pili, kama vipande vya karoti. Vijiti hivyo hutembea ndani ya pete ya chuma laini iliyokazwa ndani ya habu. Mafundi huiita kikombe.

Kwa nini vijiti viwe vya umbo la karoti? Kwa sababu gurudumu hubeba mizigo ya namna mbili. Kuna uzito wa gari unaokandamiza kutoka juu, na kuna msukumo wa pembeni kila gari linapokata kona. Aliyetatua tatizo hili alikuwa fundi wa mikokoteni ya farasi huko Marekani, Henry Timken. Alizaliwa Ujerumani mwaka 1831, na wazazi wake wakahamia naye Marekani akiwa bado mtoto. Mwaka 1898 yeye na jamaa yake walipata hati ya uvumbuzi wa beringi yenye vijiti vya namna hii. Basi hata kitu hiki kinachobeba magari yetu kilitoka katika mikono ya mtu aliyekulia ugenini. Vijana wetu wa gereji walipenda sana kusikia hivyo.

Inaliaje? Dalili za kuzijua

Mzee alitufundisha dalili, moja baada ya nyingine. Tunaziandika hapa kwa madereva, na pia kwa abiria.

Ya kwanza ni sauti. Beringi inayokwisha hutoa mvumo, kama nyuki wengi ndani ya mzinga, au kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Gari likiongeza mwendo, mvumo unaongezeka. Dereva akiweka gia huru gari likiwa bado linatembea, sauti ya injini inashuka lakini mvumo unabaki. Mipira ya meno makubwa nayo huvuma, ni kweli, ila sauti yake hubadilika barabara inapobadilika, kutoka changarawe kwenda lami. Ya beringi inafuata mwendo wa gari tu.

Ya pili ni kona. Gari likikata kushoto, uzito unahamia kulia. Mvumo ukizidi hapo, shuku kwanza beringi ya kulia. Ukizidi wakati wa kukata kulia, shuku ya kushoto. Hii si hukumu ya mwisho, ila inakuonyesha pa kuanzia.

Ya tatu ni joto. Baada ya safari, sogeza mgongo wa mkono karibu na habu, bila kuigusa. Linganisha kushoto na kulia. Zote mbili huwa na joto kiasi, hiyo ni kawaida. Moja ikiwa moto sana kuliko mwenzake, kuna neno. Inawezekana ni beringi, inawezekana ni breki inayoshika, lakini usiendelee bila kujua ni ipi.

Ya nne ni kutikisika. Pandisha gurudumu kwa jeki mpaka liache ardhi, uweke stendi. Shika tairi juu na chini, kama mshale wa saa kwenye 12 na 6, ulitikise kwa kuvuta na kusukuma. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, kisha utikise tena. Ukikanyaga breki na mchezo ukaisha, ni beringi za gurudumu. Ukibaki vile vile, tatizo liko nyuma zaidi, kwenye maungio ya usukani ambako ekseli inapinda. Mzee alisema, "Hapa njo vijana wengi wanakosea. Wananunua rulema mpya, kumbe ugonjwa uko pengine."

Ya tano ni kuzungusha. Gurudumu likiwa juu, lizungushe polepole kwa mkono mmoja, mkono mwingine ukiwa kwenye springi. Beringi nzima haisikiki. Inayokwisha utaisikia mkononi inakwaruza, kama mtu anayesaga chumvi ya mawe.

Na ya sita ni breki. Habu ikicheza, diski nayo inacheza, inasukuma pedi nyuma. Matokeo yake ni kwamba ukikanyaga breki mara ya kwanza pedali inashuka sana, ukirudia inapanda. Dereva akiona hivyo asiangalie mafuta ya breki tu. Atikise na magurudumu.

Inakufa kwa sababu gani?

Hapa kwetu maadui ni wanne. Wa kwanza ni maji. Gari likitoka mbali habu inakuwa na moto. Likiingia ghafla kwenye mto au dimbwi kubwa, habu inapoa mara moja, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupita kwenye sili. Grisi inageuka rangi ya maziwa, chuma kinashika kutu. Kwa hiyo, kabla ya kuvuka maji marefu, simama kidogo gari lipoe. Kama maji yamefika katikati ya gurudumu, fungua uangalie grisi mapema, usingoje.

Wa pili ni vumbi na tope kupita kwenye sili iliyochakaa. Wa tatu ni mzigo kupita kiasi. Tunajua magunia ni mengi na safari ni ghali, lakini kila gunia la ziada linapumzika juu ya vile vijiti vidogo. Wa nne ni fundi mwenyewe, anayekaza nati mno, au kuiacha imelegea, au kupaka grisi kwa mikono yenye mchanga. Beringi iliyokazwa mno inaungua. Iliyolegea inagongagonga mpaka inavunjika.

Lile gari letu ugonjwa wake ulikuwa maji. Mzee alitoa beringi ya nje ikiwa ya bluu kwa kuungua, vijiti viwili vimepasuka. Grisi ya ndani ilikuwa kama uji.

Jinsi ya kuibadilisha

Tunaeleza kazi kama tulivyoiona, kwa Land Cruiser za ekseli moja ya mbele yenye habu za kufunga kwa mkono. Magari mengine, kama Prado nyingi na Hilux za kuanzia mwaka 2005, yana beringi iliyofungwa kiwandani ambayo hairekebishwi, inatolewa na kuingizwa kwa mashine ya kukandamiza. Hiyo usiijaribu kwa nyundo.

1. Simamisha gari mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Legeza nati za gurudumu kabla ya kuinua. Inua kwa jeki chini ya ekseli, kisha weka stendi imara. Wengine huweka matofali. Tofali hupasuka ghafla, na tumeshasikia vilio vya kutosha. Kama huna stendi, gogo nene lililokatwa sawa ni afadhali.

2. Toa gurudumu. Fungua kalipa ya breki, uifunge juu kwa waya. Isining'inie kwenye mpira wake, utakatika ndani bila wewe kuona.

3. Fungua kifuniko cha habu ya kufungia, toa pete ya kubana iliyo mwisho wa shafti, kisha zile nati sita. Chini ya nati kuna washa za umbo la koni ambazo hushika sana. Usizichokonoe kwa bisibisi. Gonga kwa nyundo na kipande cha shaba nyekundu au njano, zitaruka zenyewe.

4. Sasa unaona nati mbili kubwa, na katikati yao washa yenye masikio yaliyokunjwa. Nyoosha masikio, fungua nati ya nje, toa washa, fungua nati ya ndani. Soketi yake ni namba 54. Wengi hawana, kwa hiyo hupiga nati kwa patasi mpaka inakuwa kama imetafunwa na panya. Vijana wetu wamejitengenezea soketi kwa kukata kipande cha bomba nene na kukichomelea. Imeshafungua magari mengi.

5. Vuta habu polepole, ukishika beringi ya nje kwa dole gumba isianguke mchangani. Panga kila kitu juu ya kitambaa safi kwa mpangilio ule ule kilivyotoka.

6. Geuza habu, ng'oa sili ya nyuma, toa beringi ya ndani. Osha vyote kwa dizeli au mafuta ya taa. Petroli hapana, cheche moja inatosha kuchoma gereji. Futa mpaka vikauke. Angalia vijiti na vikombe kwenye mwanga: ukiona vishimo, mikwaruzo, kutu au rangi ya bluu, beringi hiyo imekwisha. Angalia na shina pia. Kama limekwaruzwa sana, beringi mpya haitakaa.

7. Vikombe vya zamani vitoe kwa kugonga na fimbo ya shaba, mara huku mara huku, vishuke sawasawa. Hapa kuna sheria moja isiyo na msamaha: beringi na kikombe chake ni mke na mume. Usiweke vijiti vipya kwenye kikombe cha zamani. Kuingiza kikombe kipya unaweza kutumia kile cha zamani kama kisukumio, baada ya kukisaga nje kidogo ili kisinase. Gonga kwa kuzunguka. Kikifika mwisho sauti ya nyundo inabadilika, inakuwa nzito. Mzee akasema, "Sikieni! Amefika nyumbani."

8. Nawa mikono. Weka grisi ya beringi za magurudumu kwenye kiganja, kandamiza beringi upande mpana juu yake, mpaka grisi itokee upande wa pili katikati ya vijiti. Zungusha, rudia mpaka imejaa yote. Kupaka juu juu si kujaza. Usichanganye grisi mpya na ya zamani. Weka beringi ya ndani, kisha sili mpya, daima mpya.

9. Rudisha habu kwenye shina, beringi ya nje, washa yake, na nati ya ndani.

Kukaza: hapa ndipo ufundi ulipo

Kazi yote inaweza kuharibika katika dakika tano za mwisho. Nati ya ndani hukazwa kwanza kwa nguvu ya kama Nm 60, huku habu ikizungushwa, ili beringi zikae mahali pake. Kisha zungusha habu mara kadhaa mbele na nyuma. Halafu legeza nati mpaka igeuke kwa vidole, na uikaze tena kidogo tu, nguvu ya mkono na spana fupi.

Utajuaje kama imetosha? Hapa tulishangaa. Msichana mmoja mwanafunzi alikwenda sokoni, akarudi na mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki. Akaifunga ndoano yake kwenye bolti moja ya gurudumu, akavuta kwa mstari ulionyooka pembeni mpaka habu ikaanza kuzunguka. Mizani ikasoma kilo 4. Kwa habu hizi kipimo kizuri ni kama kilo 3 hadi 5 na nusu. Chini ya hapo imelegea, juu ya hapo imekaza mno. Kipimo hiki hufanywa kabla ya kurudisha kalipa, maana pedi zikigusa diski mizani itakudanganya. Kama una kitabu cha gari lako, fuata namba zake kuliko zetu.

Ikishapimwa, weka washa mpya ya masikio na nati ya nje, kaza kama Nm 60 na zaidi kidogo. Kisha pima tena kwa mizani, kwa sababu nati ya nje husukuma ile ya ndani na kubadilisha kipimo. Ukiridhika, kunja sikio moja kuelekea nati ya ndani na jingine kuelekea nati ya nje. Washa ya zamani ambayo masikio yake yamekunjwa mara nyingi huvunjika, nati ikajifungua yenyewe njiani. Ni kitu kidogo, lakini gurudumu linaweza kuondoka na kukupita.

Rudisha vingine vyote, kanyaga breki mara kadhaa kabla ya kuondoka ili pedi zirudi mahali pake, endesha kilomita kama 10, simama, pima joto kwa mgongo wa mkono. Kaza tena nati za gurudumu. Baada ya kilomita 1,000 inua tena, utikise. Kwa barabara nzuri grisi hubadilishwa kila kilomita 40,000. Kwa tope na vumbi letu, mzee anashauri 20,000, na mapema zaidi kama gari limeingia majini.

Tahadhari ya kununua

Beringi bandia ni nyingi madukani, zimefungwa kwenye maboksi yenye majina makubwa kama Koyo, NSK, NTN, Timken au SKF. Angalia herufi za boksi kama zimeandikwa sawa. Linganisha namba ya boksi na namba iliyochorwa kwenye chuma chenyewe. Maandishi yanayofutika kwa kidole chenye dizeli ni ya kutiliwa shaka. Na bei ikiwa nusu ya bei ya maduka mengine, jiulize kwa nini. SKF wana programu ya simu, SKF Authenticate, ambayo unaweza kuwatumia picha wakakuambia. Kama huna uhakika, peleka beringi ya zamani dukani ulinganishe namba, uzito na umbo. Na nunua sili pamoja nayo, usiseme utaiweka siku nyingine.

Kwa nini dereva alinyamaza?

Tulizungumza na dereva, akakubali tuandike bila jina lake. Alisema alikuwa akiusikia ule mvumo kwa wiki mbili. Tukamuuliza, "Sasa kaka, kwa nini hukusema?" Akakaa kimya, kisha akasema, "Yule aliyenitangulia alisema breki mbaya. Gari ikalala garaji siku nne, naye siku nne hakulipwa. Tena wakamuuliza kama ni yeye aliyeharibu. Mimi niko na watoto watano."

Ndugu zangu, hapo tusimlaumu peke yake. Mtu akijua kwamba kusema ukweli kunamnyima chakula cha watoto, atasema ni mipira. Beringi ile ingefunguliwa wiki mbili kabla, labda ingehitaji kuoshwa, grisi mpya na sili tu. Badala yake chama kilinunua beringi mbili, sili, washa na shina jipya, na gari likakaa siku tisa bila kazi wakati wa mavuno. Na hiyo ndiyo hasara ndogo. Kubwa ni ile ambayo ingetokea kama mtoto asingepata gari lingine.

Tunafurahi kuandika kwamba viongozi wa chama walikaa na madereva wakakubaliana mambo matatu. Moja, kuna daftari ndani ya gari, na dereva anaandika kila sauti mpya au joto asilolielewa, pamoja na tarehe. Mbili, dereva anayeripoti mapema analipwa siku zake hata gari likiwa gereji. Tatu, kila Jumamosi gari linapita kwa vijana dakika ishirini, magurudumu yanatikiswa na habu zinakaguliwa. Tunaomba wenye magari wengine hapa kambini waige.

Na sisi abiria?

Sisi abiria tuna masikio pia. Tena aliyekaa juu ya gurudumu husikia kuliko aliyeshika usukani. Ukisikia mvumo mpya, ukahisi mtetemo chini ya miguu, au ukanusa grisi inayoungua, sema. Sema kwa heshima: "Papa dereva, tafadhali simama tuangalie." Asipokusikia, sema mara ya pili. Abiria wengine, msimcheke anayesema. Dakika tano za kusimama na kusogeza mkono kwenye habu haziui mgonjwa.

Nawe dereva, mama akikuambia gari inalia, usimwambie ashike mtoto wake. Ameshamshika. Ndiyo maana anakuambia.

Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwaka 1958, na watu wengi wamepita kwenye barabara hizi wakiwa na wagonjwa, mizigo na matumaini. Wengi wetu tulifika hapa juu ya magurudumu ambayo hatukuyauliza hali. Tuanze sasa kuyauliza.

Vijana wa gereji wanasema mtu yeyote anayetaka kuona beringi iliyoungua aende akaione. Wameitundika ukutani kwa waya, na chini yake wameandika kwa chaki: SIKILIZA. Wanafunzi wapya wanapokelewa, wasichana kwa wavulana.

Tukutane toleo lijalo, Mungu akipenda. Safari njema.